Kosa Lina Mahali Pake

Modemu ya laini ya simu haikuficha kosa lake. Ikishindwa, ilishindwa kwa sauti, na mwenye sikio aliweza kueleza imeshindikana wapi. Kwanza ulisikia mlio mzito usiokatika: kituo cha simu kimejua umefungua laini na kinangoja nambari. Zikafuata nambari, ama kwa milio ya haraka, ama kwa mipigo inayohesabika kama kituo ni cha zamani, sufuri ikipiga mara kumi. Simu ikaita. Modemu ya kampuni ya intaneti ikaitikia kwa mluzi mwembamba wa mitetemo 2,100 kwa sekunde, ambao kazi yake ilikuwa kuzima vifaa vya kuzuia mwangwi vilivyokuwa njiani. Kisha zikaja zile kelele za mkwaruzo ambazo kila aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta miaka hiyo anazikumbuka. Wengi walidhani ni fujo tu. Zilikuwa vipimo. Kila mashine ilituma sauti ambazo mwenzake anazijua tayari, na mwenzake akapima zimefika na nguvu kiasi gani, zimepotoka wapi, na kwa hiyo waya huu unaweza kubeba mwendo gani. Mwisho ukaja ukimya, maana yake makubaliano yamefikiwa.

Kila hatua ilikuwa na sauti yake, basi kila hatua iliyokosekana ilijitaja. Mlio wa mwanzo usiposikika, tatizo liko kati yako na kituo cha simu. Ukisikika, nambari zikapigwa, simu ikaita bila kujibiwa, tatizo liko kwa kampuni ya intaneti. Ikijibiwa, mkwaruzo ukaanza, ukakatika, ukaanza upya, tatizo ni waya wenyewe.

Kazi ya kutafuta makosa hayo niliifanya Kitengela miaka ya mwisho ya tisini na ya mwanzo wa elfu mbili, nikiitwa huku na huku kwa wenye kompyuta. Siitamani kasi ya siku zile. Ninalolikumbuka kwa uchungu ni adabu ya kutafuta kosa: kwamba kabla hujamlaumu mtu, unaigawa laini vipande, unajaribu kimoja baada ya kingine, mpaka ujue kosa limelala wapi. Kwa maoni yangu adabu hiyo ndiyo iliyompa mteja mdogo nguvu ya kudai haki yake, na tumeiacha itutoke mikononi.

Kwanza mahali penyewe, kwa sababu waya hauwezi kutenganishwa na ardhi ulimosimikwa. Barabara ya Namanga inatoka Athi River, inapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil hadi mpakani. Nyanda za huku, hizi za Athi na Kaputiei zinazoshuka kutoka Mbuga ya Nairobi, zina udongo mweusi unaonata. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua ikija huvimba. Nguzo iliyosimikwa humo huinama kidogo kidogo, na kebo iliyofukiwa humo huvutwa na kuachiliwa msimu baada ya msimu. Maungio hulegea, maji yakapata njia. Juu yake weka radi za Aprili na Novemba, mchwa kwenye nguzo za mbao, na umbali mrefu kati ya nyumba na kituo cha simu. Modemu iliyotengenezwa kwa kudhani waya ni mfupi na mkavu ilikuja huku ikakuta waya mrefu ulioloa.

Isitoshe, kuwa na laini tu ilikuwa bahati. Nchi nzima, katika kilele chake, ilikuwa na laini za mezani za waya laki tatu na ushei, na sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7. Watu walisubiri miaka kupata waya. Ndiyo maana aliyeupata hakutaka kusikia kwamba waya wenyewe ndio mbovu.

Karibu na steji ya Kitengela palikuwa na chumba cha kupiga chapa na kutoa fotokopi, mwenyewe mama wa makamo aliyekuwa akiwaandikia watu barua za kuomba kazi kwenye viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, pale Athi River. Aliongeza intaneti: kompyuta moja, modemu moja ya nje yenye safu ya taa nyekundu. Wateja walilipa kwa dakika kusoma barua pepe. Mvua zilipoanza, laini ikawa inaunganika na kukatika, inaunganika na kukatika, na kila mara inapokatika mteja anaondoka bila kulipa huku bili ya simu ikiendelea kupanda. Alilalamika. Fundi wa kampuni ya simu alikuja siku ya jua, akainua mkono wa simu, akasikia mlio safi, akaandika kwamba hakuna tatizo, akaenda zake.

"Kijana wangu," mama aliniambia, "hawa wananiona mwongo."

"La, mama. Wamekuja siku isiyo yake. Tungoje inyeshe."

Iliponyesha nilikuta vitu vimejazana kwenye laini ile moja: faksi, simu ya pili nyuma ya kaunta, na waya mrefu wa nyongeza uliopita chini ya zulia, watu wakiukanyaga kutwa. Nilivichomoa vyote. Nilibaki na simu moja ya kawaida, nikaichomeka kwenye soketi ya kwanza kabisa, ile ambayo waya wa nje unaingilia ukutani. Hapo kuna jambo dogo ambalo kila fundi wa laini alilijua: ukiinua mkono wa simu, mlio wa kituo hufunika kelele zote. Bonyeza tarakimu moja tu. Mlio unakatika, na kwa sekunde chache unausikiliza waya ukiwa mtupu. Waya mzima hauna sauti yoyote. Wa mama ulikuwa ukichakacha kama mafuta ya kukaangia, na nyuma ya mchakacho kulikuwa na mvumo wa chini wa umeme wa stima. Mvumo ule ulisema mengi. Laini ya simu ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na zikiwa sawasawa, umeme wa jirani huziingia zote mbili kwa kiasi kimoja ukajifuta wenyewe. Mvumo ukisikika, waya mmoja umepungua kuliko mwenzake. Yaani mahali fulani kuna kiungio kimoja kilichooza.

Nilimwomba jirani aende kwenye kibanda cha simu atupigie. Simu ikalia, tukaipokea, tukaikata. Nikainua mkono tena: mchakacho umekwisha. Tukachomeka modemu, ikaunganika, ikakaa vizuri kwa muda, halafu ikaanza kudhoofika. Mama alishangaa, na alikuwa na haki ya kushangaa, lakini sababu yake iko wazi. Laini iliyotulia hubeba volti 50 hivi za umeme mnyoofu. Kengele inapoita, kituo hutuma umeme wa kupanda na kushuka wa volti 75 na zaidi. Nguvu hiyo hutoboa utando wa kutu uliojengeka kwenye kiungio, waya ukagusana tena, na kwa muda mfupi laini inapona. Kisha kutu inarudi kutawala. Laini inayopona ikipigiwa simu ina kiungio kilichooza, na ni vigumu kitu kilicho ndani ya chumba cha mteja kuleta dalili hiyo baada ya vifaa vingine vyote kuchomolewa.

Tuliyaandika yote kwenye karatasi: tarehe, saa, mvua ilianza lini, tulichomoa nini, tulisikia nini kwenye soketi ya kwanza, nini kilitokea simu ilipoita. Hatukuandika neno la kumtukana mtu. Mama aliipeleka ofisini kwao. Safari hii alikuja fundi mwenye ngazi, akafungua sanduku la juu ya nguzo, akashuka na kipande cha waya alichokikata akakiweka kwenye kaunta. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, na ulipoukunja ulikatika kama kijiti. Aliunga upya kwa viungio vyenye grisi ndani, na mvua za mwaka ule zikapita.

Kitengela ni mji wa ploti. Ranchi za pamoja zilipogawanywa na ardhi kuuzwa vipande vipande, kila mtu hapa alijifunza uzito wa bikoni, lile jiwe dogo la kona linaloamua shamba langu linaishia wapi na lako linaanzia wapi. Soketi ya kwanza ukutani ilikuwa bikoni ya namna hiyo. Ndani yake ni mali yangu na jukumu langu. Nje yake ni ya kampuni. Mpaka huo haukutokea wenyewe. Marekani, kwa mfano, kampuni kubwa ya simu ilishikilia kwamba hakuna kifaa cha mtu mwingine kinachoruhusiwa kugusa mtandao wake, hadi uamuzi wa Carterfone wa mwaka 1968 uliporuhusu mteja kuunganisha chake mradi hakiharibu. Bila mpaka wa aina hiyo, modemu ya nyumbani isingeenea kwa urahisi. Na penye mpaka, lawama hupimika.

Makosa mengi, lazima niseme, yalikuwa upande wetu wa bikoni, na mengine hayakuhitaji hata bisibisi. Modemu ilikuwa na matundu mawili yanayofanana, moja la laini na moja la kuchomekea simu, na watu walichomeka kinyume. Modemu nyingi zilizoletwa kutoka ng'ambo zilitarajia mlio wa kwao. Zikisikia wa kwetu zilitangaza kwamba hakuna mlio, ilhali wewe unausikia kwa masikio yako. Dawa ilikuwa kuziambia zisisubiri mlio, kwa kuondoa alama kwenye kisanduku kimoja cha Windows au kuandika ATX3 kwenye amri za mwanzo. Kosa nambari 691 lilimaanisha jina au neno la siri limekataliwa, na mara nyingi ni herufi kubwa zilizoachwa zimewashwa, au malipo ya mwezi yamekwisha. Kosa 678, upande wa pili haukujibu. Kosa 680, hakuna mlio. Katika kompyuta za zamani, modemu iliyowekwa kwenye COM3 iligombania njia moja na kipanya kilichoko COM1, na ukisogeza kipanya laini inakatika. Mtu angeweza kuapa kwamba ana jini mezani.

Radi ilikuwa habari nyingine. Watu walijua kuchomoa kompyuta kwenye stima mawingu yakitanda, lakini waliacha waya wa simu umechomekwa, na radi ikaingia kwa njia hiyo. Modemu iliyopigwa namna hii ilidanganya kidogo: taa zinawaka, ukiiandikia AT inajibu OK, kila kitu kinaonekana salama. Upande wake wa kompyuta ulikuwa hai bado. Kilichoungua ni sehemu ndogo inayoshika laini. Kwa hiyo hata ndani ya kisanduku kile cha plastiki tuligawanya tena: upande unaoongea na kompyuta, upande unaoongea na waya. OK ilithibitisha nusu moja tu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuwashawishi watu ni kupunguza mwendo. Kwenye boksi la modemu paliandikwa 56K, kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1998 kwa jina la V.90, na mteja aliyelipia 56 alitaka 56. Lakini kiwango hicho kilihitaji waya mfupi, safi, na kituo cha kidijitali, ishara isibadilishwe kuwa sauti zaidi ya mara moja njia nzima. Pasipo hayo, modemu ilishuka hadi kiwango cha zamani ambacho mwisho wake ni kilobiti 33.6 kwa sekunde, na kwenye waya wa kwetu mara nyingi 28.8 au 24. Modemu ikiachwa ijiamulie, ilijaribu kushika kasi ya juu, ikakosea, ikasimama kupimana upya na mwenzake kwa sekunde kadhaa, ikapanda, ikakosea tena. Kila kusimama ni muda, na mara nyingine laini inakatwa kabisa, faili lililofika nusu likapotea.

Basi tuliifunga chini. Tuliipa amri isizidi 24, na kwa wengine walio mbali kabisa na kituo, 14.4. Vilevile tuliongeza thamani ya rejista S10, inayoamua modemu ivumilie kwa muda gani sauti ya mwenzake ikipotea kabla ya kukata laini. Kiwandani iliwekwa sekunde moja na nukta nne, muda ambao mchakacho mmoja wa mvua unaweza kuumaliza. Faili la megabaiti moja kwa kasi ya 28.8 huchukua karibu dakika tano, hesabu haina ubishi. Kwa 14.4 huchukua mara mbili yake. Lakini dakika kumi zinazofika ni bora kuliko dakika tano zinazorudiwa asubuhi nzima. Wateja walinung'unika walipoona ile nambari ndogo kwenye kona ya skrini. Bili ya simu ilipokuja, walinyamaza. Nilipenda sana kazi hiyo ya kuipa mashine kiasi cha mwendo ambao waya wake unaweza kuubeba.

Huko ndiko sikio lilikoishia. Baada ya ukimya wa makubaliano, laini imeshika, mchakacho haupo, taa zimetulia, na bado barua pepe ya kwenda Nairobi, kilomita 30 tu kutoka Kitengela, ilikawia ajabu. Ukigawanya laini ndani ya chumba huoni kitu. Ukigawanya nje hadi kwenye nguzo huoni kitu. Ilibidi mtu aendelee kugawanya mbele zaidi, mahali ambapo fundi wa kawaida hafiki.

Kampuni za intaneti za Kenya, zile zilizoanza katikati ya miaka ya tisini kama Africa Online na Form-Net, na zilizozifuata, hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe hapa nyumbani. Kila moja ilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo. Mteja wa kampuni moja akimwandikia mteja wa nyingine, wote wakiwa Nairobi, ujumbe ulipanda hadi satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukashuka Marekani au Ulaya, ukabadilishana mikono huko, ukapanda tena, ukashuka Kenya. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilikuwa imelivunja shirika la zamani la posta na simu. Mwaka 1999 Telkom Kenya ikazaliwa ikiwa na haki ya peke yake, kwa miaka mitano, ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Njia kuu ya intaneti iliitwa Jambonet, na ilikuwa mali yake.

Novemba 2000 kampuni za intaneti, chini ya muungano wao uitwao TESPOK, zilifungua mahali pa kukutanishia nyaya zao jijini Nairobi, KIXP, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usitoke nchini. Telkom ililalamika kwamba hilo linaingilia haki yake. Desemba, Tume ya Mawasiliano iliamuru mahali hapo pafungwe kwa kukosa leseni. Palifungwa. Kwa mwaka mmoja na zaidi mabishano yaliendelea, hadi leseni ikatolewa na KIXP ikarudi kazini Februari 2002. Tofauti ilipimika mara moja: safari ya kwenda na kurudi kati ya kampuni mbili za Kenya iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima ilishuka hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Jambo hilo bado linanigusa. Kwa miezi ile yote mwenye kompyuta Kitengela angeweza kununua modemu mpya, kubadilisha waya, kufunga mwendo, kusafisha kila soketi, na asipate kitu, kwa sababu kosa lilikuwa limekaa kwenye karatasi ya leseni. Na waliolipata kosa hilo walilipata kwa njia ileile ya mwenye simu moja na soketi ya kwanza. Walifuata safari ya ujumbe kituo kwa kituo, wakapima muda wa kila kipande, wakaonyesha kipande kirefu ni kipi na ni nani anayekishikilia. Bila vipimo hivyo, mabishano yangebaki kelele za wafanyabiashara wanaogombania soko.

Kajiado mjini, na mbali zaidi kusini, ugumu ulikuwa mwingine tena. Modemu za kampuni za intaneti zilikuwa hasa Nairobi na Mombasa. Kupiga Nairobi kutoka Kajiado kulikuwa kupiga simu ya masafa, kwa dakika, kwa bei ya masafa. Mwalimu au mfanyakazi wa shirika aliyetaka kusoma barua pepe alijifunza kuandika majibu yote laini ikiwa imekatwa, kisha kuunganisha, kutuma na kupokea kwa mkupuo, na kukata. Mimi naona hata hilo lilikuwa kosa kwenye laini, ingawa hakuna kitabu cha modemu kinachoweza kulitaja: kosa la bei, lililowekwa na ramani ya nani anahesabiwa kuwa karibu.

Simu za mkononi zilipoenea, shaba ilianza kukatwa. Wezi walipanda nguzo usiku, wakabeba mita kwa mita za kebo kwenda kuuza kama chuma chakavu, na laini nyingi hazikurudishwa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah na ule wa SEACOM ilifika Mombasa, bei ikaanza kushuka, na modemu za kupiga simu zikaishia kwenye makabati. Marekani AOL ilizima huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, na magazeti ya huko yakaomboleza sauti ile. Kwetu ilikuwa imenyamaza zamani.

Kitengela nayo si ileile. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 58,000. Ya 2019 zaidi ya 154,000. Mitaani nyaya nyembamba nyeusi za mwanga zimefuata nguzo za stima, zinaingia madirishani, na kila nyumba ina kisanduku cheupe. Kikigoma, mtu anasema "netiweki iko chini", anazima, anawasha, anapiga simu kwa kampuni, anaambiwa azime awashe. Hakuna anayesikiliza chochote kwa sababu hakuna cha kusikia.

Lakini kisanduku kinasema. Vingi vina kitaa kilichoandikwa LOS, na kikiwaka chekundu maana yake mwanga kutoka kwa kampuni haufiki: waya umekatika au umekunjwa kupita kiasi, na ukitoka nje kutazama nguzo unaweza kumwona aliyechimba mtaro au lori lililoung'oa. Kikiwa kimezima na taa ya mwanga imetulia, mwanga unafika, basi chukua kompyuta, iunganishe kwa waya badala ya Wi-Fi. Ikifanya kazi kwa waya, tatizo ni redio ya nyumbani kwako, pengine ukuta wa mawe au kisanduku cha jirani kinachotumia masafa yaleyale. Isipofanya kazi hata kwa waya, kosa limevuka mpaka kwenda upande wa kampuni. Bikoni ipo palepale ukutani. Tuliacha tu kuwafundisha watu kuiangalia, na kampuni nyingi hazina haraka ya kuwafundisha, kwa kuwa mteja asiyejua mpaka ni mteja anayekubali kuzima na kuwasha.

Tarehe 25 Juni 2024 tuliona gharama ya kutojua. Siku ile ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchi nzima mchana wakati Bunge limevamiwa. Siku iliyotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuizima. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za baharini. Wapimaji wa kimataifa wa NetBlocks walirekodi kushuka kwa mawasiliano Kenya, na athari hadi nchi jirani. Watu wengi hawakuamini maelezo waliyopewa, wengine waliyaamini, na wote, wasioamini na walioamini, hawakuwa na kitu cha kushika mkononi. Mwezi uliotangulia, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika kweli karibu na Mtunzini, Afrika Kusini, na intaneti ikadorora vilevile. Dalili zinafanana. Aliyeko Kitengela akiangalia ukurasa usiofunguka hawezi kutofautisha siku ya Mei na siku ya Juni.

Wenye nyaya wanaweza. Mkongo wa mwanga unapopata hitilafu, fundi hutuma mpigo wa mwanga ndani yake, akapima muda unaochukua kurudi kutoka mahali palipoharibika, na kwa hesabu ya kasi ya mwanga ndani ya kioo akajua kosa liko kilomita ya ngapi. Kila kituo cha nchi kavu huandika saa ambayo ishara ilipotea na saa iliyorejea. KIXP na kampuni zilizounganishwa nayo zina rekodi ya ni kipande kipi cha safari kilichonyamaza na kipi kilichoendelea. Tarehe, saa, kilomita, nini kilichomolewa, nini kilisikika. Kwa ile saa ya Juni, ninataka karatasi hiyo iwekwe hadharani, kipande kwa kipande, na jina la mwenye kila kipande.